Nowa Wieś ipi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu miji na vijiji vya Polandi vyenye jina moja

Ukimwambia Mpolandi kwamba kesho unakwenda Nowa Wieś, hakuulizi unafuata nini huko. Anakuuliza «Która?», yaani ipi? Majibu haya ni kwa anayesafiri, anayetuma mzigo, anayesoma historia au anayetafuta asili ya ukoo, akakuta jina analolishikilia lina wajina wengi kuliko alivyodhani.

Ni kweli kuna vijiji zaidi ya mia moja vyenye jina hilohilo?

Ni kweli. Nowa Wieś maana yake ni «kijiji kipya», na Polandi ziko zaidi ya mia moja. Kuna Dąbrowa (msitu wa mialoni) na kadogo kake Dąbrówka, kuna Zalesie (nyuma ya msitu), Podlesie (kando ya msitu), Kamionka (penye mawe), Ostrów (kisiwa cha mtoni), Góra (mlima), Ruda, Huta, Józefów, Wola na Wólka. Chagua lolote kati ya hayo, ufungue ramani, na utaona vidoti vimetapakaa kutoka bahari ya Baltiki hadi milima ya kusini.

Kuhusu huo upya, usiuamini sana. Nowa Wieś nyingine zimeandikwa kwenye hati za karne ya 14. Zilikuwa mpya siku ile zilipopewa jina, kwa kulinganishwa na kijiji mama kilichokuwa jirani, na jina halikuzeeka pamoja nazo.

Kwa nini hawakubuni majina tofauti?

Kwa sababu aliyetoa jina hakuwa akiliandikia taifa zima. Alikuwa akiwaambia majirani. Mtu wa karne ya 13 aliyehamia nyuma ya msitu aliitwa wa nyuma ya msitu na ikatosha, kwani msitu uliojulikana ulikuwa mmoja. Hakujua kwamba mwendo wa siku kumi kutoka kwake kuna mwenziwe aliyehamia nyuma ya msitu mwingine na kupewa jina lilelile.

Sababu hiyo inaeleza majina ya miti, mawe na milima. Yapo mengine yanayorudiwa kwa sababu sheria, kazi au shughuli ilirudiwa kila mahali kwa namna moja, na hayo ndiyo ninayoyapenda zaidi.

Wola na Wólka ni nini hasa?

Katika zama za umwinyi, mwenye ardhi aliyekuwa na msitu bila watu alihitaji wakulima wa kuufyeka. Aliwavuta kwa ahadi: njooni, kateni miti, jengeni, na kwa miaka kadhaa hamtalipa kodi wala kufanya kazi ya lazima kwenye shamba langu. Kipindi hicho cha nafuu kiliitwa wolnizna. Palipokuwa na msitu mnene wa kufyeka kiliweza kufika miaka 20 au hata zaidi, kwa kuwa shamba la kisiki halilishi mtu mwaka wa kwanza. Kijiji kilichozaliwa kwa mapatano hayo kiliitwa Wola, na kikiwa kidogo kiliitwa Wólka. Huko Silesia, eneo la kusini-magharibi, wazo lilelile la nafuu lilizaa majina Ligota na Lgota.

Basi ukiona Wola kwenye ramani, unasoma mkataba wa zamani. Muda wa msamaha ulikwisha karne nyingi zilizopita, kodi ikarudi, jina likabaki.

Kwa kuwa Wola zilikuwa tele, karibu kila moja ilipewa neno la kuitambulisha. Żelazowa Wola, magharibi ya Warsaw, ndipo alipozaliwa mtunzi wa muziki Fryderyk Chopin mwaka 1810. Zduńska Wola ni mji wa mkoa wa Łódź. Wola ya Warsaw ilikuwa kijiji nje ya mji, na kwenye viwanja vyake mamwinyi walikusanyika kuwachagua wafalme; leo ni mtaa wa maghorofa ya vioo.

Stalowa Wola ni kesi ya peke yake. Ilianza kujengwa msituni mwishoni mwa miaka ya 1930 pamoja na kiwanda cha chuma, katika mpango mkubwa wa viwanda wa serikali ya wakati huo. Hapo neno «wola» limetumiwa kwa maana yake nyingine, dhamira, na jina zima ni «dhamira ya chuma cha pua». Walicheza na maneno, na matokeo yake mji wa viwanda umejipenyeza kwenye orodha ya vijiji vya wakulima kana kwamba ni ndugu yao.

Nimeona Piekary, Psary na Sokolniki nyingi. Je, ni majina ya koo?

Hapana, ni majina ya kazi. Watawala wa kwanza wa Polandi, takriban karne ya 10 hadi ya 12, walikuwa na vijiji vya utumishi: kijiji kizima kilipangiwa kazi moja kwa ajili ya ngome au ikulu. Piekary walioka mikate. Kuchary walikuwa wapishi. Szczytniki walitengeneza ngao, Kowale walikuwa wahunzi, Złotniki masonara. Konary walitunza farasi, Skotniki walichunga ng'ombe, Psary walilea mbwa wa kuwinda na Sokolniki walifuga kozi wa kuwindia. Bartodzieje walirina asali kutoka mizinga iliyochongwa ndani ya miti mikubwa msituni.

Kila ngome ilihitaji mkate na ngao, kwa hiyo kila upande wa nchi ukawa na Piekary yake na Szczytniki yake. Ukiviweka vijiji hivi kwenye ramani moja na ngome za kale, utaona vinavyozizunguka.

Na miji yenye majina ya siku za wiki?

Hiyo ni siku ya soko. Środa ni Jumatano: ipo Środa Śląska karibu na Wrocław na Środa Wielkopolska karibu na Poznań. Piątek ni Ijumaa, mji mdogo wa mkoa wa Łódź unaojitangaza kuwa kitovu cha kijiometria cha Polandi, na una mnara wa kuonyesha hivyo. Si mbali na hapo kuna kijiji cha Sobota, Jumamosi. Mchuuzi wa zamani angeweza kumaliza soko la Ijumaa na kuamkia la Jumamosi bila kutoa jasho jingi.

Majina ya watu je? Tomaszów ni wa Tomasz yupi?

Swali zuri, maana ni Tomasz wawili. Kiishio -ów kinafanya kazi kama «kwa» yetu katika Kwa Sadala: Tomaszów ni kwa Tomasz. Tomaszów Lubelski uliasisiwa na Jan Zamoyski, kansela aliyekuwa na ardhi isiyomalizika, akaupa jina la mwanawe. Tomaszów Mazowiecki ulikuja baadaye sana. Antoni Ostrowski aliupa jina la baba yake. Mmoja alimkumbuka mtoto, mwingine mzazi, na kati ya miji hiyo miwili kuna zaidi ya kilomita 250.

Aleksandrów zilitapakaa katika karne ya 19, sehemu kubwa ya Polandi ilipokuwa chini ya Urusi na kumheshimu mfalme wa Urusi kwa jina la mji ilikuwa njia ya kumpendeza. Aleksandrów Łódzki na Aleksandrów Kujawski zinatajwa zaidi. Józefów ni nyingi mno. Hata ukiondoa vijiji vyote, miji pekee inatosha kukuchanganya: mmoja uko kando ya Warsaw, mwingine uko mkoa wa Lublin karibu na Biłgoraj, na wa tatu, Józefów nad Wisłą, uko mkoa huohuo wa Lublin ila kwenye ukingo wa mto Wisła.

Hilo neno la pili linanisaidiaje?

Ndilo jina lenyewe, kwa kweli. Watu wa Kilwa hawahitaji kufafanuliwa: ukisema Kilwa tu hujasema kitu, mpaka useme Kisiwani, Kivinje au Masoko. Polandi nayo inatenganisha wajina kwa njia hizo.

Inayotumiwa sana ni eneo: Mazowiecki, Wielkopolski, Lubelski, Śląski, Podlaski, Kujawski. Nyingine ni mto, kwa neno «nad»: Nowe Miasto nad Pilicą na Nowe Miasto nad Wartą. Nyingine ni mji mkubwa wa jirani: Nowa Wieś Ełcka iko karibu na Ełk, Nowa Wieś Lęborska karibu na Lębork. Kuna Wielka na Mała (kubwa, ndogo), Górna na Dolna (ya juu, ya chini), Stara na Nowa. Kuna pia za kumtaja mwenye mali: Królewska ya mfalme, Szlachecka ya mamwinyi, Kościelna ya kanisa. Kazimierz Dolny ni «wa chini» kwa sababu uko chini zaidi kwenye mkondo wa Wisła kuliko ule Kazimierz ambao leo ni mtaa wa Kraków.

Mazowsze (eneo la Warsaw) na Podlasie (jirani yake wa mashariki) kuna mtindo wao. Huko waliishi mamwinyi wadogo, watu wenye nembo ya ukoo na shamba la kujilimia wenyewe. Kijiji kikigawanywa kwa warithi, kila kipande kilibaki na jina la asili kikaongezewa jina la tawi. Ndiyo maana karibu na Szepietowo utakuta Dąbrowa-Moczydły, Dąbrowa-Wilki, Dąbrowa-Łazy, Dąbrowa-Tworki na nyingine zimefuatana kama watoto wa baba mmoja. Hapo kistari cha katikati usikiache, kwa maana majirani wote nao ni Dąbrowa.

Kwa hiyo Tomaszów Mazowiecki uko mkoa wa Mazowieckie?

Haupo. Uko mkoa wa Łódzkie. Hapa ndipo wageni wengi wanapojikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Neno la pili linataja eneo la kihistoria, na mikoa ya leo imechorwa upya. Rawa Mazowiecka nayo iko Łódzkie. Wysokie Mazowieckie iko Podlaskie. Sokołów Podlaski, kinyume chake, uko Mazowieckie. Sokołów Małopolski uko Podkarpackie. Gorzów Wielkopolski uko Lubuskie, tena ni mmoja wa miji mikuu miwili ya mkoa huo.

Mikoa 16 ya sasa ilianza tarehe 1 Januari 1999. Kabla yake, tangu 1975, ilikuwa 49. Ukishika cheti au bahasha ya miaka ya 1980 iliyoandikwa mkoa wa Siedlce au wa Zamość, usishangae fomu ya leo ikikataa. Mkoa huo haupo tena, ingawa kijiji hakijasogea hata hatua moja.

Je, sarufi ya Kipolandi inatofautisha majina haya?

Mara nyingine, na inapendeza. Ostrów Wielkopolski ni jina la jinsia ya kiume. Ukiwa huko unasema uko «w Ostrowie». Ostrów Mazowiecka ni ya kike, ndiyo maana ni Mazowiecka na si Mazowiecki, na ukiwa huko uko «w Ostrowi». Miji hii imeachana kwa takriban kilomita 300, na herufi moja mwishoni mwa neno inamwambia mwenyeji uko upi. Mgeni akiandika «Ostrów Mazowiecki» ataeleweka, lakini atasahihishwa, na wenyeji hawachoki kusahihisha.

Miji mingi ilibadilishwa majina baada ya vita. Hilo lilipunguza wajina au liliwaongeza?

Liliwabadilisha lugha tu. Mipaka iliposogezwa magharibi mwaka 1945, Polandi ilipokea maelfu ya miji na vijiji vyenye majina ya Kijerumani, na mwaka 1946 ikaundwa tume ya wanajiografia na wanaisimu ya kuyapa majina ya Kipolandi. Pengine walifufua jina la kale la Kislavoni. Pengine walimuenzi mtu: Rastenburg ikawa Kętrzyn kwa heshima ya mwanahistoria Wojciech Kętrzyński, Lötzen ikawa Giżycko, na Reichenbach ikawa Dzierżoniów kwa jina la Jan Dzierżon, kasisi aliyekuwa mtaalamu mkubwa wa nyuki. Lakini vijiji vidogo mara nyingi vilitafsiriwa tu. Wajerumani nao walikuwa na Neudorf na Neuendorf zisizohesabika, maana yake ikiwa «kijiji kipya» vilevile. Nowa Wieś Ełcka na Nowa Wieś Lęborska zote mbili zilikuwa Neuendorf.

Kwa mtafuta ukoo wa Kijerumani hili ni donge juu ya donge: jina la zamani lina wajina, la sasa lina wajina, na makundi hayo mawili hayalingani.

Nani anaamua jina rasmi leo?

Waziri anayehusika na utawala wa umma, kwa ombi la halmashauri ya mahali na baada ya kusikia maoni ya tume ya majina ya mahali na maumbile ya nchi. Sheria yenyewe ni ya mwaka 2003. Wakazi wanaulizwa maoni, na si kila ombi linakubaliwa.

Niandikeje anwani ili mzigo ufike?

Anza na kijiji na namba ya nyumba. Vijiji vingi havina majina ya barabara, kwa hiyo «Nowa Wieś 17» si anwani iliyokatwa, ndivyo ilivyo. Mstari unaofuata uwe msimbo wa posta na jina la mji wenye ofisi ya posta, ambao pengine si kijiji chenyewe. Msimbo una tarakimu tano, mbili, kistari, kisha tatu, na umetumika tangu 1973. Tarakimu ya kwanza peke yake inakuokoa na makosa makubwa: 0 ni upande wa Warsaw, 2 Lublin, 3 Kraków, 5 Wrocław, 6 Poznań, 8 Gdańsk, 9 Łódź. Ukiwa na Nowa Wieś ya msimbo unaoanza na 8 na dereva anaelekea Kraków, msimamishe.

Msimbo mmoja unaweza kuhudumia vijiji kadhaa, kwa hiyo ongeza gmina na powiat. Gmina ni ngazi ya chini yenye halmashauri yake, ziko karibu 2,500 nchi nzima. Powiat ni kama wilaya. Kuna powiat zenye vijiji wajina ndani yake, na hapo gmina ndiyo inayoamua. Kwa shughuli za kiserikali ipo namba ya rejista ya idara ya takwimu, tarakimu saba, na kila mahali pana yake. Hiyo haina wajina.

Mimi nilijifunza haya kwa miguu. Nilialikwa kwa wazazi wa rafiki, nikaandika jina la kijiji kwenye simu, nikachagua la kwanza lililotokea kwa kuwa lilikuwa karibu. Nilishuka kituoni saa moja jioni, theluji magotini, nikampigia kumwambia nimefika mbele ya kanisa la matofali mekundu. Alinyamaza, kisha akasema kijiji chao hakina kanisa.

Ninakwenda kutembelea Chełmno. Nijihadhari na nini?

Ujihadhari sana, hasa kama safari yako ni ya historia ya vita. Chełmno ni mji wa kale wenye kuta, juu ya Wisła, mkoa wa Kujawsko-Pomorskie. Kambi ya maangamizi ya Wanazi ilikuwa Chełmno nad Nerem, kijiji cha mto Ner, mkoa wa Wielkopolskie, ambako mauaji ya Wayahudi kwa gesi yalianza Desemba 1941. Kati ya mahali hapa pawili kuna zaidi ya kilomita 100. Vivyo hivyo Brzezinka: iliyo karibu na Oświęcim ndiyo Birkenau, sehemu ya kambi ya Wanazi ya Auschwitz, lakini Polandi ina Brzezinka nyingine ambazo hazihusiani nayo kabisa.

Usichanganye pia majina yanayokaribiana bila kuwa wajina: Lublin na Lubin, Radom na Radomsko, Chełm na Chełmno na Chełmża.

Natafuta kijiji cha bibi yangu. Familia ilipitia Tengeru.

Swali hili linatoka kwa watu wengi kuliko unavyodhani. Kuanzia 1942, maelfu ya Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto, walipokelewa Afrika Mashariki baada ya kuhamishwa kwa nguvu na Wasovieti hadi Siberia na Asia ya Kati, kisha kutoka kupitia Uajemi. Tengeru karibu na Arusha ilikuwa kambi kubwa, yenye watu takriban 5,000. Zilikuwepo nyingine Ifunda, Kidugala na Kondoa, na Uganda kulikuwa na Masindi na Koja. Makaburi ya Tengeru yapo hadi leo.

Jambo la kushika: wengi wao walitoka mashariki ya Polandi ya kabla ya vita, ambako leo ni Ukraine, Belarusi na Lithuania. Ukiandika Wola au Dąbrowa kwenye ramani ya leo, itakupeleka kwenye Wola iliyo ndani ya Polandi, nawe utasherehekea kijiji cha watu wengine. Tafuta kwanza parokia na wilaya ya kabla ya 1939. Kwa vijiji vya zamani zaidi ipo kamusi kubwa ya kijiografia ya Ufalme wa Polandi, Słownik geograficzny, iliyochapishwa Warsaw kati ya 1880 na 1902. Inaorodhesha wajina mmoja baada ya mwingine, mara nyingi pamoja na parokia, na imewekwa kwenye intaneti bila malipo. Jina la parokia ndilo litakalokupeleka kwenye vitabu vya ubatizo.

Mpolandi aliniambia amezaliwa Kolonia. Ni Ujerumani?

Huenda. Kolonia ni jina la Kipolandi la mji wa Köln. Lakini ni pia neno la kitongoji kilichojitenga na kijiji mama, mara nyingi baada ya mashamba makubwa kukatwakatwa, na limebandikwa kwenye maelfu ya majina. Lipsk nayo ni Leipzig kwa Kipolandi, na ni mji mdogo wa Podlaskie karibu na mpaka wa Belarusi.

Na karibu na Żnin, ndani ya powiat moja, kuna vijiji vinavyoitwa Wenecja, Paryż na Rzym, yaani Venisi, Parisi na Roma. Wenecja ina makumbusho ya treni za reli nyembamba. Zote tatu unazimaliza kwa baiskeli siku moja, na chakula cha mchana utapata.